Kauli ya Mkulima: Safi Faye na Njia Yake Kutoka Uanafunzi Hadi Ustadi wa Filamu za Maisha Halisi

Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi simulizi na lugha za Kiafrika, kamera aghalabu hutajwa kama chombo cha kuhifadhia tu. Mtafiti huenda kijijini, hunasa usimulizi, kisha hurudi chuoni kuuchambua. Mtazamo huu huacha kando swali zito. Filamu haihifadhi maneno peke yake. Humweka pia msemaji mahali fulani mbele ya msikilizaji, na mahali hapo huchaguliwa na yule anayeiongoza kamera.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata maisha ya kazi ya Safi Faye, mtengenezaji filamu wa Senegal aliyezaliwa Dakar mwaka 1943 na kufariki Paris mwezi wa Februari 2023. Faye alianza kama mwalimu wa shule, akawa mwanafunzi wa ethnolojia na wa sinema, na hatimaye akawa fundi aliyetambuliwa katika Afrika na Ulaya. Hoja ya makala haya ni kwamba kilichomtoa katika uanafunzi hakikuwa kuizoea mitambo, bali jibu alilolitoa kwa maswali matatu: ni nani anayesema katika filamu, anasema kwa lugha gani, na anamwambia nani.

Istilahi mbili zahitaji kufafanuliwa kwanza. "Filamu ya maisha halisi" hapa ni ile inayowaonyesha watu katika mazingira na shughuli zao wenyewe, hata kama mtengenezaji amewaomba waigize baadhi ya mambo yaliyowapata. "Mtengenezaji huru" ni yule asiyeajiriwa na serikali wala kampuni, ambaye huchagua mada yake, hujitafutia fedha, na hubeba mwenyewe hasara ya kazi yake.

Sinema ya Senegal kabla ya Faye

Faye hakuingia katika uwanja mtupu. Wakati wa utawala wa Kifaransa, Amri ya Laval ya mwaka 1934 ilimlazimu yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Afrika apate kwanza kibali cha serikali ya kikoloni. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, waliotaka kuipiga filamu Afrika kwenyewe, waliitengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955 mjini Paris, wakiwaonyesha Waafrika walioishi huko. Baada ya uhuru, Ousmane Sembène alitoa Borom Sarret mwaka 1963, na mwaka 1968 akatoa Mandabi, filamu ndefu ambayo wahusika wake walizungumza Kiwolofu. Tangu hapo suala la lugha halikuweza tena kuepukwa katika sinema ya nchi hiyo.

Fedha, hata hivyo, ziliendelea kutoka Ufaransa. Mwaka 1963 Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa ilianzisha ofisi ya sinema iliyowasaidia watengenezaji wa nchi zilizokuwa makoloni yake. Msaada huo uliziwezesha kazi nyingi kukamilika, lakini ulizaa pia hali ya kutatanisha: msanii aliyetaka kusema kwa uhuru juu ya nchi yake alihitaji hazina ya nchi iliyomtawala jana.

Jambo la tatu lilihusu namna Waafrika walivyoonyeshwa. Mfaransa Jean Rouch alikuwa amepiga filamu nyingi za kiethnolojia katika Afrika Magharibi, na wengi walizistahi kwa ubunifu wake. Sembène hakuridhika nazo. Katika majadiliano yao ya mwaka 1965 alimkabili Rouch waziwazi, akimshutumu kwamba yeye na wenzake waliwatazama Waafrika kama wadudu. Shutuma hiyo ni muhimu hapa kwa sababu Faye alijifunza misingi ya kazi yake karibu na mtu huyohuyo aliyeshutumiwa.

Mwalimu anakuwa mwanafunzi

Wazazi wa Faye walikuwa Waserere, na asili yao ilikuwa kijiji cha Fad'jal, kusini mwa Dakar. Alisomea ualimu katika Chuo cha Ualimu cha Rufisque, kisha akafundisha katika shule za Dakar. Mwaka 1966 mji huo uliandaa Tamasha la Dunia la Sanaa za Watu Weusi. Faye alihudumu katika tamasha hilo kwa kuwaongoza wageni, na ndipo alipokutana na Rouch.

Rouch alimpa nafasi ya kuigiza katika filamu yake Petit à petit, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Faye hakuficha baadaye kwamba filamu yenyewe haikumpendeza, lakini alikiri kwamba ilimfunza jinsi kazi hiyo inavyofanywa: kamera ndogo inayobebwa begani, sauti inayonaswa papo hapo, na watu wanaoachiwa wazungumze bila kukariri maneno yaliyoandikwa. Huu ndio uanafunzi wake wa kwanza, uliotangulia darasa lolote.

Uanafunzi wa pili ulikuwa wa chuoni. Huko Paris alisoma ethnolojia katika École Pratique des Hautes Études, na mwaka 1972 alijiunga na shule ya sinema ya Louis Lumière. Maisha hayakuwa mepesi. Alijikimu kwa kazi za uanamitindo, uigizaji na utengenezaji wa sauti za filamu. Kazi hizo za riziki hazikuwa nje ya masomo, kwa kuwa zilimpa fursa ya kuiona sinema kutoka pande zote: mbele ya kamera, nyuma yake, na katika chumba cha sauti.

Filamu yake ya kwanza, La Passante, ilitoka mwaka 1972 nayo ni fupi, ya muda wa dakika kumi hivi. Mwanamke Mwafrika, anayeigizwa na Faye mwenyewe, anapita katika mtaa wa Paris huku akitazamwa na wanaume. Jina lake linakumbusha shairi mashuhuri la Charles Baudelaire juu ya mwanamke apitaye njiani. Ni kazi ya mwanafunzi, lakini tayari ina swali ambalo Faye hakuliacha kamwe. Katika shairi la Kifaransa mpita njia hutazamwa tu, na anayesema ni mtazamaji. Katika filamu ya Faye yule anayetazamwa ndiye pia aliyeiongoza kamera. Kilichobaki kilikuwa kumpa usemi.

Kaddu Beykat: filamu kama barua

Hatua ya kuvuka kutoka uanafunzi ilichukuliwa mwaka 1975 kwa filamu ndefu ya kwanza ya Faye, Kaddu Beykat. Kwa bajeti iliyokadiriwa kuwa dola 20,000, ambayo sehemu yake ilitoka Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, na kwa kikosi cha watu wachache sana, alirudi Fad'jal akapiga filamu kwa picha nyeusi na nyeupe. Waliojitokeza mbele ya kamera walikuwa wanakijiji wenyewe, baadhi yao jamaa zake. Faye aliwapa muhtasari wa kisa, nao wakajaza mazungumzo kwa maneno yao.

Kisa hicho ni rahisi. Kijana Ngor anataka kumwoa Coumba, lakini mvua imekuwa haba na karanga hazikuzaa vya kutosha, hivyo hana mahari. Anakwenda Dakar kutafuta kazi, anadhulumiwa, na anarudi kijijini kuwasimulia wenzake aliyoyaona. Kisa hiki, hata hivyo, ni uzi tu wa kushonea mambo mazito zaidi. Jioni wanaume hukusanyika chini ya mti na kujadiliana: kwa nini karanga imetawala mashamba hata chakula kikakosa nafasi? Kwa nini deni haliishi?

Ili kuelewa uzito wa maswali hayo yafaa kukumbuka jinsi biashara ya karanga ilivyoendeshwa. Wafaransa walilikuza zao hilo tangu karne ya 19 kwa ajili ya viwanda vya mafuta, na baada ya uhuru liliendelea kuwa tegemeo la mapato ya nje. Kutoka mwaka 1966 hadi 1980 shirika la serikali lililoitwa ONCAD ndilo lililosimamia ununuzi wa zao na ugavi wa mbegu na zana kupitia vyama vya ushirika. Mkulima alipewa pembejeo kwa mkopo, na mkopo huo ulikatwa wakati wa mauzo kwa bei ambayo yeye hakuipanga. Mvua ilipokosekana, kama ilivyotokea katika ukame mkali uliolikumba eneo la Sahel kuanzia mwaka 1968, zao lilipotea lakini deni lilibaki. Mambo haya yalijulikana katika taarifa za wataalamu. Upya wa Kaddu Beykat ni kwamba yalielezwa na wadaiwa wenyewe, kwa utaratibu wa hoja na majibu, wala si kwa malalamiko.

Umbo la filamu ni la barua. Sauti ya Faye inasikika ikimwandikia rafiki na kumkaribisha kijijini, kisha inanyamaza na kuwaachia nafasi wenyeji. Miongoni mwa waliozungumza alikuwamo babu yake, ambaye alifariki siku 11 baada ya kazi ya kupiga picha kumalizika, na filamu yenyewe inaitaja habari hiyo. Hapa mtafiti wa fasihi simulizi hana budi kusita. Katika tasnifu, mzee huyo angekuwa mtoa habari. Katika barua, ni babu.

Filamu hii ilipata Tuzo ya Georges Sadoul mwaka 1975 na tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Berlin mwaka 1976. Katika historia za sinema hutajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke wa Afrika kusini mwa Sahara kusambazwa kibiashara. Nchini Senegal ilipigwa marufuku. Rais Léopold Sédar Senghor alikuwa mshairi, tena mzaliwa wa eneo hilohilo la Waserere, lakini utukufu wa utamaduni wa Kiafrika aliouimba haukuizuia serikali yake kuiogopa kauli ya wakulima walioukosoa uchumi wake.

Suala la lugha

Jina la filamu lastahili uchambuzi. Katika Kiwolofu, kaddu ni neno au kauli. Beykat hutokana na kitenzi bey, yaani kulima, kikiongezewa kiambishi tamati -kat kinachomtaja mtenda. Ni mfano wa unyambuaji unaofahamika pia kwa wanaisimu wa Kiswahili, ambacho kutokana na kulima hupata mkulima, isipokuwa Kiswahili hutanguliza alama ya mtenda huku Kiwolofu kikiiweka mwishoni. Hivyo jina zima lamaanisha "kauli ya mkulima". Kwa Kifaransa filamu ilipewa jina Lettre paysanne, yaani barua ya mkulima. Tofauti ya majina haya mawili si ndogo. Jina la Kiwolofu lasisitiza usemi; la Kifaransa lasisitiza maandishi yanayosafirishwa hadi kwa msomaji wa mbali. Filamu nzima ipo katikati ya maana hizo mbili.

Neno kaddu lilikuwa na uzito mwingine wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sembène na mwanaisimu Pathé Diagne walikuwa wamelichapisha gazeti la Kiwolofu lenye jina hilo hilo. Mwaka 1977 Sembène alitoa filamu Ceddo, ambayo serikali iliizuia kwa hoja kwamba jina lake liliandikwa kwa d mbili wakati tahajia rasmi ilitaka moja. Sababu za kisiasa zilikuwapo nyuma ya hoja hiyo, lakini yatosha kuonyesha kwamba katika Senegal ya miaka ile tahajia, sinema na mamlaka vilikuwa jambo moja.

Kuna ukinzani ambao haufai kufunikwa. Fad'jal ni kijiji cha Waserere, lakini jina la filamu ni la Kiwolofu, lugha iliyoenea zaidi nchini. Aidha sauti inayoisoma barua husema Kifaransa. Kauli ya mkulima, basi, hupita katika lugha mbili kabla ya kumfikia mtazamaji wa Paris. Yaweza kudaiwa kwamba hapo Faye alibaki mwanafunzi wa shule ya Kifaransa. Lakini Kifaransa hakikuchukua nafasi ya wakulima kuzungumza. Kilitumika kufungua mlango, na mazungumzo chini ya mti yakabaki na mwendo wake, pamoja na vituo na marudio yake. Mtu asiyejua lugha yao hulazimika kusubiri. Subira hiyo ni sehemu ya maana ya filamu.

Wasomi wa Kenya hawatakosa kuona mwangwi wa tukio la nyumbani. Mwaka 1977 serikali iliusimamisha mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ. Katika nchi zote mbili hoja zilezile zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika lugha za kigeni. Zilizuiwa ziliposemwa na wahusika wenyewe, kwa lugha ambayo majirani zao waliielewa.

Fad'jal: tasnifu na filamu

Mwaka 1979 Faye alihitimu shahada ya uzamivu katika ethnolojia katika Chuo Kikuu cha Paris, na mwaka huohuo akatoa filamu yenye jina la kijiji chake, Fad'jal, iliyoonyeshwa katika tamasha la Cannes. Yeye mwenyewe alieleza jina hilo kwa Kiserere: fad ni kufika, na jal ni kazi, kwa kuwa afikaye katika kijiji hicho cha wakulima sharti afanye kazi.

Filamu hii yaonyesha mahali pawili pa kufundishia. Darasani watoto wanakariri kwa Kifaransa somo juu ya mfalme Louis XIV. Kisha watoto hao wanakutana chini ya mti na wazee wanaowasimulia jinsi kijiji kilivyoanzishwa na mwanamke, na jinsi ardhi ilivyogawanywa kati ya koo. Usimulizi huo si burudani ya jioni. Sheria ya mwaka 1964 iliiweka sehemu kubwa ya ardhi ya Senegal chini ya dola, na wanakijiji wasio na hati hawakuwa na ushahidi mwingine wa haki yao ila historia wanayoisimulia. Hapa fasihi simulizi ni hati ya shamba. Atakayeichambua kwa fani na mtindo peke yake ataacha nje jambo ambalo wasimulizi wenyewe waliliona kuwa kiini.

Ni katika Fad'jal ambapo uanafunzi na ustadi vinakutana kwa ukamilifu. Ethnolojia ilimpa Faye nidhamu ya kuuliza juu ya nasaba, mirathi na matambiko. Sinema ilimpa uwezo wa kuwaachia wenye majibu wajibu mbele ya watoto wao. Shutuma ya Sembène kwa Rouch inapata jibu lake hapa, nalo halikuwa jibu la maneno. Anayetazama amekuwa mmoja wa wanaotazamwa, na elimu aliyoipata ugenini inawajibika mbele ya wazee waliomlea.

Ustadi na bei ya uhuru

Baada ya hapo Faye alifanya kazi kama fundi anayetafutwa. Mwaka 1980 aliitengenezea televisheni ya Ujerumani Magharibi filamu Man Sa Yay, yaani "Mimi, mama yako", kuhusu mwanafunzi Msenegali mjini Berlin anayepokea barua kutoka nyumbani. Umbo la barua lilirudi, ila safari hii mwandishi ni mama aliyebaki kijijini. Selbe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya muda wa nusu saa hivi, humfuata mwanamke wa miaka 39 mwenye watoto wanane ambaye mumewe amekwenda kutafuta kazi. Ambassades nourricières ya mwaka 1984 iliwaonyesha wageni wa Paris kupitia mikahawa yao.

Kazi za kuagizwa huwa mtihani wa mtengenezaji huru, kwa sababu mlipaji huwa na ujumbe wake. Selbe iliungwa mkono na Umoja wa Mataifa, na ingeweza kuwa filamu ya takwimu na mawaidha. Faye aliigeuza kuwa mazungumzo ya wanawake wawili: mmoja anauliza, mwingine anajibu huku mikono yake ikiendelea na kazi. Kile alichokijifunza chini ya mti wa Fad'jal kilikuwa kimekuwa desturi ya ufundi wake, asichoweza kukiuza hata kwa mlipaji mwema.

Njia yenyewe haikunyooka. Alipokuwa tayari na tuzo za kimataifa, kati ya 1979 na 1980, alikuwa mhadhiri mgeni katika Chuo Kikuu Huru cha Berlin na papo hapo akijifunza utengenezaji wa video. Mwaka 1988 alipata shahada nyingine ya ethnolojia. Wala uhuru wake haukuwa bila hasara. Filamu yake ya kubuni, Mossane, ilipigwa mwaka 1990 katika nchi ya Waserere, lakini mgogoro wa kisheria na mtayarishaji uliichelewesha hadi mwaka 1996, ilipoonyeshwa Cannes. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na zaidi alipoteza miaka sita akiigombea kazi yake mwenyewe. Ilikuwa filamu yake ndefu ya mwisho.

Hitimisho

Maisha ya kazi ya Safi Faye yanaonyesha kwamba ustadi katika filamu za maisha halisi haupimwi kwa ubora wa picha peke yake. Alipokuwa mwanafunzi alimtoa mpita njia katika hali ya kutazamwa tu; alipopevuka aliwapa wakulima nafasi ya kusema; alipokuwa fundi kamili aliilinda nafasi hiyo dhidi ya udhibiti wa serikali na matakwa ya walipaji. Katika kila hatua lugha ndiyo iliyokuwa kipimo.

Kwa idara za lugha za Kiafrika, mafunzo yake ni mawili. Kwanza, mtafiti anayenasa usimulizi anashiriki katika kuamua nani atahesabiwa kuwa msemaji na nani atakuwa mfano tu. Uamuzi huo hufaa kufanywa kwa kujua, na mbele ya wahusika. Pili, kazi za namna hii zahitaji kufundishwa, kutafsiriwa na kuhifadhiwa kama zifanyiwavyo vitabu. Mwaka 2018 Fad'jal iliyokarabatiwa ilionyeshwa upya huko Cannes, takriban miaka 40 baada ya kutolewa. Ukarabati huo ulifanyika Ufaransa. Wazee waliohojiwa na Faye walihifadhi historia ya ardhi yao kwa kumbukumbu na ulimi. Sasa kauli yao imo katika filamu, na wajibu wa kuileta ndani ya madarasa ya Afrika, kwa lugha zinazosomwa humo, ni wa wasomi wa lugha hizo.